Pamba Mfukoni mwa Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, na mimi humpekua mifuko. Ndiyo, napekua! Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilishatafunwa. Mwenyewe huniita Askari, tunacheka yanaisha.

Basi akaanza kujipulizia marashi. Mtu wa kuogea sabuni ya kufulia miaka yote! Nikajisemea, hapa pana mwanamke. Kichwa nacho kikawa kinamuuma kila siku, na nikimsogelea ananigeuzia upande mmoja tu wa uso. Mara akataka kitana, akasema, "Nipe... nipe kijiko." Kisha akaniita jina la mwanamke nisiyemjua. Lo! Nilinuna siku nzima.

Kesho yake alirudi mapema kutoka kazini, mwili unachemka, anatapika, mkono wa kulia umelegea.

"Umelewa!" nikafoka. Nikamnusa mdomo, hamna pombe. Nikaingia mfukoni kutafuta ushahidi, nikatoa vipande vya pamba vilivyolowa usaha, vinanuka chini ya marashi. Hasira ikaniisha, hofu ikaniingia. Nikamkimbiza hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, nami sikumwamini hata kidogo. Akamuuliza mgonjwa, "Una jino bovu? Sikio linatoa usaha?"

Akatikisa kichwa. Mwongo! Nikamwaga pamba zote mezani.

"Wateja... watakimbia," akanong'ona.

Daktari akamchungulia sikio la kushoto, akampeleka upesi kupigwa picha ya kichwa. Usaha ulikuwa umepenya kutoka sikioni, ukajikusanya ndani ya ubongo, jipu kabisa.

"Ndiyo maana maneno na majina yanampotea," akasema. "Tutatoboa fuvu tuunyonye usaha, kisha sindano za dawa za mshipani kwa wiki kadhaa. Tukichelewa atakufa."

Nikamkagua daktari juu hadi chini. "Na akiamka hanijui?"

"Inawezekana, mama."

Angalau huyu hakunidanganya. Nikakubali.

Alipozinduka baada ya upasuaji, kichwa kimefungwa bendeji, daktari alininyooshea kidole, akamuuliza, "Huyu ni nani?"

Akanitazama. Midomo inacheza, neno halitoki. Nikasema moyoni, jina la yule mwingine nalo likitoka, sawa tu, mradi aseme.

Mkono wake wa kulia ukajikokota polepole hadi kwenye mfuko wa shati la hospitali, akaugeuza nje. Mtupu.

"Kagua, Askari," akasema.

Nikakagua, huku nalia.