Povu na Sindano

Povu alikuwa ameshazima moto wa ndege mbili na ghala moja la mafuta, lakini nesi alipomfunga mpira mkononi ili amchote damu ya kupima, aligeuzia uso ukutani akaanza kusoma bango la chanjo kama mtu anayetafuta jina lake humo. Mkewe, aliyekuwa ameshachotwa, alikaa kwenye benchi akibonyeza pamba na kucheka chini kwa chini.

"Nesi, mshike vizuri. Huyo hukimbia."

"Mama Watoto, nyamaza nisome."

Jina la Povu alilipata kazini, katika kikosi cha zimamoto cha uwanja wa ndege. Hakuna aliyejua kulaza povu kama yeye. Hakulirusha kwenye moto moja kwa moja. Alilimwaga pembeni likatambaa lenyewe, likaufunika moto kama blanketi. Mazoezi yalifanyika kila wiki nyuma ya nyumba za wafanyakazi alikoishi, na povu likinywea lilizama ardhini. Wakubwa walisema ni sabuni tu. Walisema hivyo huku maji yao ya chupa yakiwa mezani. Basi siku za joto Povu alikuja nyumbani na dumu lenye dawa kidogo ya povu, akaipiga kwa mpira wa maji mpaka ua ukafurika, na watoto wake wakazama humo hadi shingoni wakitoka weupe kama kondoo.

Walikuwa wazee tayari walipokuja watu wenye vichupa kupima kisima cha mtaa. Kisima kikafungwa kwa mnyororo. Kemikali za lile povu zilikuwa zimeingia majini, na ni kemikali zisizooza: zikishaingia mwilini hukaa miaka na miaka. Tangu hapo maji yaliletwa kwa gari, na aliyetaka kupimwa damu alipimwa bure.

Majibu yalipotoka, nesi aliwaita wote wawili.

"Mzee, zako ziko juu sana. Za mama hazifiki hata nusu."

Mkewe alipiga kofi moja. "Nimekupiga bao, mume wangu."

"Tumekunywa kisima kimoja, tumelala kitanda kimoja," alisema Povu. "Huyu amewezaje?"

"Mimi naoga, mwenzangu."

Nesi alicheka. "Wewe ulilishika povu kwa mikono. Halafu wanawake wana njia za kuzitoa. Damu ya kila mwezi huzitoa, mimba huzitoa, kunyonyesha huzitoa. Mama amenyonyesha wangapi?"

"Watano. Na kila mmoja mpaka alipoanza kutem..."

Mkono wake ulibaki hewani, kisha akaushusha akaufunika kwa mtandio. Povu, ambaye macho yake yalikuwa kwenye trei ya sindano, alikuwa ameshafika mlangoni.

Njiani mkewe alitangulia. Siku nyingine angemgombeza kwa kuburuta miguu. Leo hakugeuka hata mara moja. Nyumbani walimkuta kitinda mimba wao, aliyekuja kupumzika baada ya kujifungua, ameketi kwenye kochi akimnyonyesha mwanawe.

"Mtafutie mtoto maziwa ya kopo," mama mtu alisema.

"Kopo? Mama, jana si ulinisema kwamba simnyonyeshi vya kutosha?"

"Jana ilikuwa jana." Akaingia jikoni.

Binti alimtazama baba yake. Povu aliketi, akamweleza yote, tangu dumu la dawa mpaka maneno ya nesi. Binti alisikiliza huku akimpapasa mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo na mimi ninazo."

"Unazo, mwanangu."

"Nesi alisema niache kunyonyesha?"

Povu alikuna kidevu. "Sikuuliza. Nilikuwa naikimbia ile trei ya sindano."

"Baba, wewe uliingia kwenye ndege inayowaka."

"Ndege haichomi mkono."

Kesho yake alirudi zahanati peke yake. Nesi alimjibu bila kuzunguka: binti asiache. Maziwa yake bado yalikuwa kinga kubwa kwa mtoto, na cha muhimu sasa ni yeye kunywa maji safi. Kisha akaongeza kuwa hata yeye mzee alikuwa na njia. Wazimamoto kama yeye walishafanyiwa utafiti: wakitolewa damu mara kwa mara, kemikali hupungua polepole.

"Kwa sindano?"

"Kwa sindano, mzee. Kubwa kuliko ile."

Povu alificha mkono nyuma. "Na hiyo damu anapewa nani?"

"Yako hapewi mtu. Itateketezwa kwenye tanuri."

Alirudi na neno hilo kifuani. Mkewe alikuwa jikoni, akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Nesi amesema mtoto anyonye."

"Nesi hajui nilichokifanya. Nilijiona mshindi, kumbe nilikuwa nazimimina kwa watoto."

"Na mimi niliwaogesha humo humo. Tukianza kugawana makosa, fungu langu ni kubwa."

"Wewe hukujua."

"Hebu rudia."

"Hukujua, baba. Uliambiwa ni sabuni."

"Basi jiambie na wewe hivyo hivyo. Wapo waliojua, Mama Watoto, na hao hawakumnyonyesha mtu." Akaichukua ile sufuria mkononi mwake, akaiweka kando. "Nitatolewa damu. Haiendi kwa mtu, inakwenda motoni. Ila unishike mkono."

Mkewe alijifuta mikono. "Utazimia."

"Ndiyo maana nakwambia unishike."

Walikwenda wote wanne, mtoto akiwemo. Povu alilazwa kitandani, akauelekeza uso wake kwenye bango lake la chanjo, na mkewe akamshika mkono ulio huru. Sindano ilipoingia alifumba macho, na kucha zake zikazama kwenye kiganja cha mkewe. Mkewe hakulalamika. Alikuwa anautazama mfuko ukijaa taratibu, mwekundu, ukiwa na njia moja tu ya kwenda, motoni. Aliutazama muda mrefu.

Mtoto akaanza kulia. Binti alisimama, akamtikisa begani, akamtazama mama yake, wala hakufungua kifungo cha blauzi.

"Unangoja nini?" alisema mama mtu, taratibu. "Mpe ziwa, asije akakauka koo."

Binti aliketi, akampa. Kilio kikakatika, chumba kikabaki na sauti ya mtoto akimeza.

"Mama Watoto," Povu aliuliza, macho ukutani, "mfuko umejaa?"

"Bado, mume wangu," alisema mkewe, akimpangusa jasho kwa pembe ya mtandio. "Wewe soma."