Mbuzi Aliyeitwa Kabalo

Kosa langu niliseme kwanza, nisije nikaonekana mutu safi: mbuzi aliyeitwa Kabalo, miye pia nilimukula. Paja ya kushoto ilikuwa yangu, na mchuzi niliomba mara ya pili. Ile mwaka 1957 nilikuwa moniteur kijana, mufundishaji wa watoto kwenye masomo ya misioni, hapa Kasongo, shati nyeupe, kalamu mufukoni, na nilikuwa nimeenda kumupa pole mama mugonjwa. Pole yenyewe nilisahau kuitoa. Nilikuja kuikumbuka nikiwa kwangu, nachokonoa meno.

Kwa hiyo haya ninayosimulia si ya kuwacheka wengine. Haya, ni ya kuwacheka, lakini na miye niko ndani.

Mama mwenyewe aliitwa Waridi, mama ya Feza aliyeolewa mbali, muke wa Zuberi, ule aliyekuwa akipima pamba kwenye ghala ya magazini. Waridi alikuwa anachoma mikate ya muchele na kuiuza asubuhi, na kwa ile mikate, mwaka kwa mwaka, alijinunulia mbuzi sita. Mbuzi walikuwa wake, si wa bwana. Zuberi hakuwa na mbuzi. Zuberi alikuwa na jina zuri. Muji muzima ulisema Zuberi ni mutu wa watu, hana neno "hapana" kinywani. Ni kweli hakuwa nalo. Kila lilipohitajika, Waridi ndiye aliyelisema, na ndiyo sababu muji huohuo ulisema Waridi iko na ulimi.

Kivimbe kilianza kwenye ziwa la kushoto. Mwezi wa Ramadhani kilikuwa sawa na karanga. Wakati wa kuvuna mupunga kilikuwa kimekua kama ngazi, lile tunda la muchikichi, kigumu vilevile, na mukono wa upande ule ukaanza kukataa kuinua sufuria. Ndipo akaenda lopitali, na Zuberi akamusindikiza, amevaa kanzu ya Ijumaa.

Munganga muzungu alibonyeza, akabonyeza tena, akasema Kifaransa kwa infirmier Raphaël, musaidizi wake. Raphaël akasema Kiswahili kwa Zuberi. Zuberi akaitika kwa kichwa. Waridi alikuwa amekaa katikati yao, kifua wazi, na wale wanaume watatu wanazungumza juu ya ziwa lake kama watu wanaotafuta tundu kwenye mupira wa baiskeli.

“Munganga anasema ni kansere,” Raphaël akamwambia Zuberi. “Ni ugonjwa unaokula nyama pole pole. Hapa hatuna vyombo vya kuukata. Muke wako aende Élisabethville, kule wanajua. Ndani ya wiki sita. Zikipita pale...” Akainua mabega.

“Asante sana,” Zuberi akasema, kama mutu aliyepewa shati.

“Raphaël,” Waridi akasema, “niko hapa. Ziwa ni langu, semesha miye. Wao wanalipa nini, na miye nalipa nini?”

Raphaël akaona haya, akageuka. “Kukukata ni bure, mama. Karatasi ya safari, bilo ya serikali itatoa. Lakini treni na chakula cha ndjiani ni yenu.” Kisha, maana alikuwa kijana mwenye roho nzuri na aliwahi kusoma kule, akachukua kipande cha karatasi, akapiga mustari murefu, akatia vidoti. “Unavuka Lualaba, unapanda treni. Hapa Kongolo. Hapa Kabalo. Kamina. Bukama. Jadotville. Hapa Élisabethville, unashuka.”

Waridi hakujua kusoma, lakini kuhesabu alijua kuliko karani. Vidoti vilikuwa sita.

Ile magaribi aliingia kwenye kibanda cha mbuzi na karatasi mukononi, akawapa majina. Dume jeusi: Kongolo. Ule wa pembe iliyovunjika: Kabalo. Mwenye tumbo kubwa: Kamina. Mwenye kikohozi: Bukama. Jike jeupe: Jadotville. Na ule mudogo, munene, mukorofi, asiyekubali kufungwa kamba: Élisabethville. Lori ya kununua mbuzi kwa ajili ya kambi za migodi ilikuwa inatoka Kabambare na kupita Kasongo mwisho wa mwezi. Zilibaki siku kumi na mbili.

“Siku kumi na mbili,” akamwambia bwana yake. “Usiseme kwa mutu mupaka lori ipite. Wakijua, watakuja.”

“Naapa,” Zuberi akasema.

Kesho yake jioni akasema, akiangalia miguu yake: “Nilimwambia kaka tu.”

“Kaka yako Yakubu? Mudomo wake unavuka Lualaba bila mutumbwi!”

Siku ya tatu Yakubu akafika kutoka Nyangwe. Alileta samaki mumoja mukavu na watu tisa. Alikuwa mutu mukubwa wa tumbo na wa sauti, na alimupa Waridi pole ndefu, tamu, macho yake yakiwa kwenye kibanda. Nyuma yake akafika wifi Aziza, kutoka Wamaza. Aziza alianza kulia tangu kwenye kona ya barabara, watu wakatoka kuangalia. Alipofika mulangoni akanyamaza, akauliza kama wamekwisha kula.

Waridi akapakua wali na sombe. Yakubu akaangalia sahani kama mutu anayeangalia barua asiyoielewa.

“Zuberi, ndugu yangu. Watu wametoka mbali kulilia muke wako, na wewe unawapa majani? Watasema nini kule Nyangwe?”

Zuberi akafungua kinywa. Lile neno, kama kawaida, halikuwamo. Saa kumi Kongolo alikuwa ndani ya sufuria.

“Shemeji,” Waridi akasema, akiweka nyama mbele yake, “hii unayokula ni Kongolo.”

“Ni nini?”

“Ni stasyo ya kwanza. Mutu atafika Kabalo namna gani, kama Kongolo iko tumboni mwako?”

Yakubu akacheka mupaka akakohoa. “Kumbe ugonjwa haujafika kwenye ulimi! Ongeza pilipili, shemeji.”

Habari ya Kongolo ilitembea, si ile ya treni, ile ya sufuria. Siku ya tano akaja Léontine, jirani, na waimbaji wenzake wa misioni, na miye kijana wa shati nyeupe nyuma yao. Tusije tukasema ni Waislamu tu waliokula. Tuliimba nyimbo tatu, tukala sahani nne. Léontine alimushika Waridi mukono, akamwambia aende kwa Mungu na roho nyepesi.

“Miye nataka kwenda Élisabethville,” Waridi akajibu. “Kwa Mungu hawaombi tikiti, nitaenda siku yoyote.”

Tulicheka. Tulifikiri ni mugonjwa anayejikaza. Kabalo alikuwa mutamu sana, niseme ukweli.

Siku ya saba wakafika wazee wa ukoo kutoka Kabambare, watatu, na fimbo zao. Hao hawakuja kulia, walikuja kutafuta sababu. Kutafuta sababu ni kazi nzito, haifanywi na njaa, kwa hiyo Kamina akachinjwa. Walikaa kutoka asubuhi mupaka jua kuzama. Walipomaliza mifupa, sababu ilionekana: muke hawezi kuwa na mbuzi wake mwenyewe bwana akiwa mikono mitupu. Ndiyo inayomuozesha.

“Na dawa yake?” Yakubu akauliza.

Dawa ilikuwa kupunguza mbuzi. Kesho yake wakamupunguza Bukama, na kikohozi chake, na hakuna aliyeogopa kuambukizwa.

Kuambukizwa waliogopa kwa Waridi. Aziza alitenga kikombe cha mugonjwa, akakifunga uzi mwekundu kwenye mushikio, kisije kikakosea ndjia. Zuberi alihamisha mukeka wake kwenye sebule, eti kwa heshima ya wageni. Miaka kumi na nane walikuwa wamelala chini ya shuka moja, na sasa bwana alikuwa anamusalimia asubuhi kama mutu anayesalimia bilo. Siku moja Waridi akamukuta Aziza chumbani, amefungua sanduku, amejifunga kile kikwembe cha ndege za bluu, anajigeuza huku na huku.

“Unafanya nini, wifi?”

“Naangalia kama mende hawajakula.”

“Na mende anafungwa kiunoni?”

Aziza akatoka nacho vilevile, akilia kwa sauti kubwa kwamba mugonjwa anamutukana.

Waridi alitaka kulia na yeye. Alikuwa anaogopa, haina kuficha. Wakati wa kuoga alikuwa anakishika kile kivimbe, na kila mara alikuta ni mukono ndio umekuwa mudogo. Lakini ndani ya nyumba hakukuwa na nafasi ya kulia, wageni walikuwa wameishika yote. Akaenda kulia kwenye kibanda, kati ya Jadotville na Élisabethville, na Élisabethville akamutafuna ncha ya kitambaa. Akamupiga kofi, akacheka, akafuta uso, akarudi kupika wali wa watu kumi na saba.

Siku ya kumi Yakubu akamuita mwalimu muzee wa mutaa aje kumusomea dua. Mwalimu alikuja na fimbo yake, akasoma pole pole, vizuri, akamufanya Waridi kwa mara ya kwanza akae kimya bila uchungu. Kisha akaomba maji ya kunywa.

“Ngoja kidogo, mwalimu,” Yakubu akasema, “sadaka iko inakuja, mbuzi wawili...”

Muzee akamaliza maji yake. “Sadaka ya huyu mama ni tikiti,” akasema. Akavaa viatu, akaenda.

Yakubu akamusindikiza kwa macho. “Mwalimu amezeeka,” akawaambia wenzake. “Tutafanya dua yetu wenyewe kesho kutwa. Ya mwisho. Halafu tutaenda, tusimuchokeshe mugonjwa.”

Kesho kutwa ilikuwa siku ya lori.

Asubuhi ile Waridi hakuwasha moto. Wageni waliamka, wakakuta mafiga baridi, wakaangaliana kama watu walioibiwa. Yakubu alikuwa uani, ananoa kisu kwenye jiwe, Zuberi amechuchumaa pembeni na bakuli la maji. Mara honi ya lori ikalia kule sokoni, mara mbili.

Waridi akatoka. Alikuwa ameoga, kichwa amefunga, bunda lake kichwani. Akaenda moja kwa moja kwa Aziza, akashika fundo la kikwembe cha ndege za bluu, akalifungua. Aziza akabaki na kile cha ndani, mudomo wazi, bahati nzuri alikuwa nacho. Waridi akajifunga chake, akaingia kibandani, akatoka na kamba mbili: Jadotville nyuma ya moja, Élisabethville anavutana kwenye ingine.

“Shemeji,” Yakubu akasema, kisu mukononi, “hao ni mbuzi wa dua.”

“Hao ni mbuzi wa mikate ya muchele. Nimeuliza bei ya lori. Wawili hawa wananilipia treni mupaka Kabalo. Hapohapo kwa Kabalo nitashuka, maana mbele yake mulikula yote. Nitakaa pale stasyo, nitachoma mikate, mupaka nipate Kamina. Kama wiki sita zitanitosha, nitafika. Kama hazinitoshi, mutasikia, na najua mutakuja.”

“Muke wa watu kuuza mikate kwa stasyo!” muzee mumoja wa Kabambare akasema. “Aibu gani hii kwetu?”

“Baba, aibu yako ilikula Kamina na Bukama. Imeshiba, iache ilale.”

Mutu mumoja akacheka, akakatiza. Léontine alikuwa amekuja kwenye uzio, na miye nilikuwa napita kwenda masomoni, nikasimama. Niliangalia viatu vyangu.

Waridi akapiga hatua mbili. Élisabethville akajitupa upande, kamba ikavuta mukono wa kushoto, ule wa ugonjwa, na tukamuona amefunga macho. Bunda likaanguka. Akasimama, anapumua. Mukono wa kuume unashika Jadotville, ule mwingine umelegea, kamba inamutoka kidogo kidogo kati ya vidole, na honi ikalia tena.

“Zuberi,” akasema. Hakusema kwa ulimi ule wa kila siku, alisema kama mutu anayemwamsha mutu. “Baba Feza. Shika kamba moja.”

Zuberi akasimama na bakuli lake. Akamwangalia muke wake. Kisha akamwangalia kaka yake, na kaka yake akakohoa, na Zuberi akachuchumaa tena, maji yakimumwagikia kwenye kanzu.

Waridi akatuangalia wote, mumoja mumoja, wale wa ndani na sisi wa kwenye uzio.

“Kamba iko mbili,” akasema. “Mukono iko mumoja. Sokoni si mbali. Nani anashika hii ingine, tuende?”