Kiambaza Kilichokaa Mbele

Pichani, mzee mmoja peku alikuwa amepiga magoti sakafuni, na bega kwa bega naye, mwanamke mwenye joho la kitajiri. Benchi halikuwepo hata moja. Ephantus Nderitu, seremala, aliitazama picha hiyo hadi shingo ikamuuma. Ilichorwa kwa kalamu mwaka 1861 na babu yake Bibi Wetherall, ndani ya kanisa la Uingereza lililojengwa miaka mia tano kabla ya hapo. Karibu na madhabahu kulisimama kiambaza cha mbao zilizonakshiwa, na nyuma yake padri peke yake. Watu wengine wote, mabwana kwa wachunga kondoo, walikuwa upande mmoja.

“Mimi nataka hii,” alisema Bibi Wetherall, mwenye shamba. “Kama picha, kabisa kabisa. Weka katikati ya kanisa. Watu ya shamba nakaa nyuma, sisi nakaa mbele.”

“Ndiyo, memsab,” alijibu Ephantus.

Na kanisa hilo la shambani lilijengwa na nani? Miaka miwili, kila Jumamosi, wafanyakazi walibeba mawe kutoka machimbo ya upande wa Lanet. Mama yake, Wamaitha, aliyabeba kwa ukanda wa kichwani hadi paji la uso likabaki na mfuo. Leo paa limeezekwa, ati amsikilize Mungu kupitia matundu ya mbao! Kweli shukrani ya punda ni mateke. Hasira ilimpanda Ephantus, lakini aliijua bei yake: mwaka huo wa 1954, wakati wa hali ya hatari, Mkikuyu aliyenyimwa sahihi ya mwajiri kwenye pasi yake alipakiwa lorini na kurudishwa Nyeri. Kule yeye na mama yake hawakuwa na hata kishamba cha viazi.

Bibi Wetherall akaenda Naivasha wiki mbili. Ephantus akachonga mbao za mtarakwa, akaziunganisha ulimi ndani ya tundu, kwa gundi na vigingi, bila msumari hata mmoja. Kisha akakisimamisha kiambaza mbele, hatua tatu kutoka madhabahuni.

Jumamosi bibi alirudi, akaingia kanisani, akawa mwekundu.

“Nani nasema weka huko?”

“Picha, memsab. Ulisema kabisa kabisa.” Akamnyooshea picha. “Angalia wewe mwenyewe. Watu wote wako upande mmoja.”

Bibi aliichukua, akaiangalia. Picha ile ilikuwa imetundikwa ukutani kwao tangu utotoni mwake.

“Toa,” alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. “Ama Jumatatu mimi hapana weka sahihi.”

“Hakitoki ila kwa kukatwa. Msumeno ule pale, memsab. Mimi sikati.”

Ephantus alitoka bila kuaga, akashuka hadi kibandani kwao. Mama yake alikuwa jikoni akichambua maharagwe.

“Mama, funga mizigo. Jumatatu tunafukuzwa.” Akamweleza yote, bila kuficha hata neno.

Wamaitha alimsikiliza huku akitoa vijiwe, akivitupa nje kimoja kimoja.

“Hicho kitu kiko mbele hata sasa?”

“Kiko.”

“Na huyo mama anajua kushika msumeno?”

“Hajui.”

“Basi mizigo ingoje,” alisema Wamaitha, akivuta sufuria. “Niletee maji nifue kitambaa changu cha kichwa. Kesho nakaa mbele.”