Mvinyo wa Kusuuzia Masufuria

Wifi wa Mama Pacha hakupaza sauti. Angepaza sauti, watu wangedhani ana hasira, na mwenye hasira husamehewa. Alisema polepole, akitabasamu, huku ameishika chupa ya mvinyo aliyoletewa zawadi kama mtu aliyeokota soksi ya mtoto wa jirani.

"Huu, wifi yangu, sisi huku tunasuuzia masufuria."

Kisha akaumimina wote kwenye sinki mbele ya wageni, mpaka tone la mwisho.

Watu walicheka. Mama Pacha naye alicheka, maana utafanya nini ukiwa nyumbani kwa dada mkubwa wa mume wako, tena siku ambayo watu wamekuja kuiona nyumba mpya? Ila miongoni mwa waliocheka alikuwamo Kibonge, na hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa.

Kibonge alikuwa na mikahawa kadhaa mjini, na tumbo la kuitangaza yote. Jina hilo alijipa mwenyewe kabla watu hawajampa baya zaidi. Wiki ile ile alikuwa amemwahidi Mama Pacha kwamba atapita dukani kwake kuonja mvinyo mwekundu, na ukimpendeza atauweka kwenye meza zake zote. Baada ya habari ya sinki, hakupita. Kila akipigiwa simu, yuko mkutanoni. Muuza supu gani ana mikutano mingi hivyo?

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja mtaa wa nyuma, kati ya fundi viatu na muuza miwani. Mama Pacha alilifungua wakati mvinyo wenye majina makubwa ulipoanza kupanda bei bila haya. Watu waliozoea chupa yao ya mwisho wa wiki wakawa wanaitazama dirishani, wanameza mate, wanakwenda zao kununua soda. Yeye akaona mlango. Watu hawa, alijiambia, hawajaishiwa kiu. Wameishiwa uwezo wa kununua jina, basi.

Akaanza kutafuta mvinyo usio na jina. Kila mwagizaji alipofungua sampuli ghalani, Mama Pacha alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, anaonja na kutema kwenye ndoo. Alijifunza kwamba bei nusu yake ni uzio: shamba la upande huu wa barabara ni maarufu, la upande wa pili si maarufu, na mvua inayonyesha ni ile ile. Alijifunza kutafuta zabibu ambazo watu hawawezi kutamka majina yake, maana kisichotamkika hakiagizwi, na kisichoagizwa hakipandi bei. Alijifunza kuikwepa chupa nene yenye lebo ya dhahabu, kwani uzito wa kioo nao mnunuzi anaulipia.

Hivyo ndivyo alivyoupata mvinyo wake. Ulitoka kwa ushirika wa wakulima, mlima mmoja na mvinyo wenye jina kubwa, ila mteremko wa pili. Ulikuwa na ladha ya zambarau zilizoiva, moshi kwa mbali, na mwishoni kabisa kauchungu kadogo, kama chai iliyosahaulika kwenye birika. Kauchungu kale ndiko alikokapenda. Alikajua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe katika darasa zima.

Waliosema kizuri chajiuza hawakuwahi kufungua duka. Wateja wa chupa moja moja walikuja, na dereva teksi mmoja wa katoni, wakasifu, lakini hawakutosha. Mwagizaji akamwambia waziwazi: shehena mpya itafika baada ya miezi kadhaa, akimpata mteja mmoja mkubwa atamwachia yote, akimkosa itakwenda kwa mwingine. Na mteja mkubwa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mkutanoni.

Kwa hiyo Mama Pacha hakuwa na kinyongo cha bure. Wifi yake hakumwaga chupa moja sinkini. Alimwaga duka.

Miezi ikapita. Ukaja mwaliko: shemeji yake, Mhandisi, mume wa wifi, anatimiza miaka sitini, na jamaa na marafiki wote wakaribie mezani. Baba Pacha alipoona mkewe anapiga pasi gauni lake zuri kimya kimya, akaingiwa na wasiwasi. Ukimya wa mkewe aliujua. Akamsihi njia nzima: leo ni siku ya shemeji, mama, tule turudi. Yeye akamjibu kwamba hana neno na mtu, na mkononi, kama aonavyo, hakubeba hata chupa.

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe kigumu kwa wanga. Katikati ulisimama mtungi wa kioo uliojaa mvinyo mwekundu, na kando yake chupa tupu yenye jina kubwa, lebo ikiwatazama wageni. Wifi alieleza kwamba mvinyo wa hadhi ile haunywewi kutoka kwenye chupa: lazima umiminwe jikoni, upumue, ndipo uletwe. Kuhusu bei alisema hatasema. Kisha akasema.

Mama Pacha aliinua glasi. Alikuwa tayari kukiri kwamba ni mzuri, maana yeye mvinyo hakuuonea, hata wa adui. Akanusa. Akaonja. Zambarau. Moshi. Akasubiri, macho kwenye chumvi. Na mwishoni kabisa, kakaja kale kauchungu: kikohozi cha mwanawe.

Aliiweka glasi chini taratibu. Akaonja tena. Hakuna shaka. Sasa akaelewa nani alimtuma yule dereva teksi mpole aliyekuwa akija dukani kila baada ya muda, akibeba katoni na kusema ni za bosi mmoja asiyependa kujulikana.

Ukimkamata mwizi kwa haraka, atasema alikuwa anapita tu. Mwache kwanza apakie mzigo.

"Wifi," alisema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "leo nimenyoosha mikono. Huu kweli ndio mvinyo."

Wifi akachanua kama mwavuli. Mama Pacha akamgeukia Kibonge, aliyeketi mbele yake akijifanya anatafuta kitu kwenye kitambaa, akamuuliza yeye mwenye mikahawa anaonaje. Kibonge, kwa furaha kwamba hakuulizwa habari za simu, alisifu kwa dhati. Alisema mvinyo kama ule angeuweka kwenye kila meza yake, ila bei ndiyo inamkaba. Siku hizi mwenye mkahawa ananunua jina, halafu mteja anaagiza maji. Akajimiminia tena. Mama Pacha aliendelea kumpaka wifi yake mafuta kwa mgongo wa chupa: unaupataje mzuri hivi, unajuaje kuutofautisha na ovyo? Na wifi akajibu yote. Alisema ulimi wa kuonja ni wa kuzaliwa nao. Alisema wa bei nafuu yeye anautambua kwa harufu, kabla haujafika mdomoni.

Alipoondoka kwenda jikoni kujaza mtungi, Mama Pacha akabeba sahani chafu akamfuata.

Alimkuta ameinama nyuma ya mlango wa stoo, katoni miguuni, chupa ya ushirika mkononi. Maji yalidondoka bombani. Wifi akafunga mlango wa jikoni kwa kisigino, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza tangu waunganishwe na ndoa akamwomba kitu. Alieleza kwamba bei ilipopanda fedha ya nyumba haikupanda, lakini wageni waliendelea kuja, na mume wake anapenda kuonyesha watu anaishi vipi. Hata Mhandisi hajui. Akijua, atakufa kwa aibu.

"Nisitiri, wifi. Mimi ni dada yako."

"Dada yangu aliyenimwagia duka sinkini," alisema Mama Pacha. "Sitasema neno. Utasema wewe. Kinywa kilichonichafua ndicho kitakachonisafisha. Unarudi pale mezani, unamwambia Kibonge anakunywa mvinyo wa nani. Usiposema wewe, nitasema mimi, na mimi sijui kufupisha."

Wifi akafuta mikono, akapaka rangi ya midomo akijitazama kwenye kioo cha oveni, akatoka.

Mama Pacha alirudi kuketi akiwa ameshashiba kabla ya nyama. Alitaka kuona ule uso ukiporomoka. Hiyo ndiyo picha aliyolala nayo na kuamka nayo miezi yote ile.

Wifi akagonga glasi kwa kijiko. Akasema ana siri. Wageni wakatulia.

"Jamani, leo nimewatega," alisema, akicheka vizuri kabisa. "Huu mnaousifu si ule wa jina. Ni wa dukani kwa wifi yangu huyu hapa. Nilimtania siku ile, nikaona vibaya, nikasema nitamtafutia soko kwa njia yangu. Ningewaambia mapema, mngeonja kweli? Haya, Kibonge, usimwangushe mdogo wangu."

Makofi yakalipuka. Mhandisi alimbusu mkewe shavuni. Shangazi mmoja alifuta machozi akasema ndugu ndio hao. Kibonge alijipiga paji la uso, akanyoosha mkono juu ya meza akamshika Mama Pacha, akaapa mbele ya watu wote kwamba kesho asubuhi yuko dukani, na shehena ikija ni yake.

Basi alikuwa amelipata. Duka limepona. Baba Pacha alimkanyaga mguu chini ya meza, mara moja, kwa upole, maana yake: mama, imetosha.

Na kwa mwanamke mwingine ingetosha. Lakini Mama Pacha alimtazama wifi yake akipokea sifa kushoto na kulia. Alimwona akigeuza kichwa kumkonyeza, kama kumwambia: umepata ulichotaka, na mimi nimepata zaidi. Alikuwa amemwaga duka la mtu, na sasa anapigiwa makofi kwa kulizoa. Kesho ukoo mzima ungesimulia jinsi dada mkubwa alivyomwinua mke wa mdogo wake.

Akainuka. Akashukuru. Alimshukuru wifi yake kwa maneno mazuri mpaka Baba Pacha akaanza kupumua.

"Ila mtego bila kulinganisha haujakamilika," alisema. "Watu watasema Kibonge alisifu kwa njaa. Wifi, tufungulie na ule wenyewe, wa jina. Tuonje huu na ule, tujue umetutega kiasi gani."

Wageni waliupenda mchezo huo. Wifi akasema haina haja. Akasema ni ghali. Mhandisi akacheka: leo ana miaka sitini, asipofungua leo atafungua lini, kwani kabati limejaa. Na kweli, ukutani kulikuwa na kabati la kioo lenye taa ndogo, chupa zimepangwa zikionyesha lebo kama picha za marehemu mashuhuri. Ufunguo alikuwa nao wifi. Alisema haukumbuki uliko. Mhandisi akatoa wa akiba mfukoni, mtu wa vipimo yule.

Kibonge ndiye aliyechagua chupa, kwa heshima, mikono miwili. Akaondoa karatasi ya shingoni, akasita: ilikuwa imebandikwa upya kwa gundi. Akachomeka kizibuo. Hakikuhitaji kuchimba, kulikuwa na tundu tayari, na kizibo kikatoka chenyewe kama kofia. Akamimina, akanusa, akaonja. Uso wake wa furaha ukaanza kuzima. Akaonja kutoka kwenye glasi yake ya mwanzo. Akarudi kwenye ya pili.

"Ni ule ule," alisema, chini kwa chini.

Mhandisi alichukua chupa nyingine kabatini, akabandua karatasi yake, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha nyingine. Vizibo vyote vilikuwa na tundu. Hakugomba. Alizirudisha moja moja mahali pake, lebo mbele, akafunga kabati, akaketi kwenye kiti kingine, mbali na mkewe. Wageni wakagundua wote kwa pamoja kwamba usiku umekwenda. Shangazi aliyelia alikunja leso akaiweka mkobani.

Wifi alibaki kichwani mwa meza. Sasa uso ulikuwa umeporomoka, sawasawa na ile picha. Mama Pacha aliutazama bila kupepesa, akautazama tena, mpaka akauona wote.

"Una roho mbaya," wifi alimwambia.

"Ninayo," alisema Mama Pacha. "Wewe ulinifundisha kuitumia."

Nyumbani Baba Pacha alichukua mto wake akaenda kulala sebuleni. Mama Pacha akavua viatu, akalala katikati ya kitanda, na usingizi ukaja mara moja.

Asubuhi Kibonge alifika kabla Mama Pacha hajamaliza kufagia duka. Hakuketi. Aliagiza shehena yote kwa mikahawa yake yote, akaweka sahihi, akasimama akizungusha kofia mkononi.

"Mvinyo wako nitanunua, Mama Pacha," alisema. "Lakini kwako sitakuja kula. Ninakuogopa."

"Njaa yako ni yako," alimjibu, akikunja risiti. "Niambie kimoja tu. Wifi yangu na marafiki zake wakitoka Jumapili, huwa wanakula katika mkahawa wako upi?"

Kibonge alimtajia ule wa karibu na bustani, wenye vitambaa vyeupe.

"Katoni za kwanza zipeleke huko," alisema Mama Pacha, akarudi kwenye ufagio wake.