Mashavu ya Naseeb

Miaka ile ya ruksa, ukimwi ulipoanza kutisha, Tukuyu nzima ilikuwa inapimana kwa macho. Ukikonda kidogo tu, watu wa mtaa wa Makandana wameshakuzika midomoni: ameukwaa. Ukinenepa, uko salama. Ndiyo maana Safina, fundi cherehani, aliposhikwa na ugonjwa wa kulegea misuli, hakuna aliyemnong'ona. Vidonge vyake vilimvimbisha mashavu, na watu wakaridhika.

Daktari Hezron alimweleza taratibu kwamba kinga yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiipiga vita misuli yake, na vidonge vinailaza hiyo kinga.

"Usiviache ghafla, mama, utashindwa hata kupumua. Na kinga ikilala, jihadhari sana na maradhi ya watu."

Kwa kuwa Safina alikuwa akiona vitu vyote viwiliviwili, mumewe Naseeb, muuza mitumba, ndiye aliyemtilia vidonge kiganjani kila asubuhi. Safina alimpenda kwa hilo. Alimsifu mpaka majirani wakachoka kusikia.

Lakini alizidi kulegea. Chai ikawa inamtokea puani. Siku moja pumzi zikaanza kumwishia, Naseeb akamkimbiza hospitali.

Daktari alimhudumia mgonjwa kwanza, kisha, pale pale kando ya kitanda cha Safina, akamkazia macho mume. Mwaka uliotangulia Naseeb alikuwa mifupa mitupu. Sasa uso wake ulikuwa wa mviringo, mashavu yamemjaa.

"Na wewe unameza vidonge hivi?"

Naseeb akainama.

"Mkeo ulikuwa unampa nini?"

"Vya maumivu ya kichwa. Wateja walishaanza kunikwepa, daktari. Nikataka ninenepe kama yeye."

Mwanamume mzima, na ndevu zake!

"Ulikonda kwa nini?"

"Nilipimwa Mbeya, kabla ya Ramadhani. Ninao."

Ramadhani ilishapita, Idi ikapita, na wakati wote huo walilala kitanda kimoja. Safina alitaka kumrarua, mikono haikuinuka. Vidonge pengine angemsamehe. Hili la kulala naye huku akimficha lilimchoma moyo.

"Mama, dozi siwezi kuipandisha kabla sijakupima na wewe," daktari alisema kwa sauti ya chini.

"Niliogopa watu watajua, mke wangu," Naseeb akalia.

Ulimi wa Safina ulikuwa mzito. Aliyasukuma maneno moja moja, mpaka daktari akainama ili amsikie.

"Kwani mimi... si mtu?"