Siku Mbili kwa Dada

Niliomba siku mbili tu. Acha niliweke hilo wazi mapema, maana kwa jinsi mambo yalivyokwenda mtu angedhani nimeomba kuhamia mwezini.

Dada yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, anaishi katika mji mdogo wa kaskazini, kando ya ziwa. Ana presha ya macho. Jicho la kulia limeshazima, na la kushoto daktari hathubutu kuliahidi zaidi ya mwezi mmoja. Alinipigia simu mwenyewe kunieleza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Njoo nikukague," alisema. "Nataka nijue umezeekaje. Usibebe zawadi, beba uso tu."

"Nitakuja, dada."

"Usiniambie utakuja. Niambie lini."

Nikamwambia Ijumaa ya wiki ya tatu. Ninaondoka alfajiri, ninafika alasiri, ninalala siku mbili, Jumapili ninarudi. Akasema atalala mchana siku hizo zote zilizobaki ili jicho lisichoke.

Kupanga ndiyo kazi yangu. Mimi ni msimamizi wa chumba cha kufulia nguo za hospitali, na meza yangu iko nyuma ya mlango, pale ambapo ukuta unatoa jasho kwa mvuke. Ninapanga zamu za watu kumi na wanne: nani asimame kwenye mashine, nani kwenye pasi, nani achambue mashuka ya chumba cha upasuaji. Wananiita Mama Ratiba. Nilipoliandika jina langu kwenye safu ya likizo kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, mpiga pasi aliwaita wenzake waje washuhudie.

"Jamani, Mama Ratiba anaondoka! Leo mvua itanyesha mawe!"

Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya kufungua begi wiki mbili kabla ya safari.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mama mkwe alipata kiharusi miaka sita iliyopita. Upande wa kulia umekufa, ila ulimi haukuguswa hata kidogo. Tunakaa mkabala na geti la nyuma la hospitali, kwa hiyo kila baada ya saa mbili ninavuka barabara, ninamgeuza asipate vidonda, ninamnywesha maji, ninarudi kwenye mashuka yangu. Nampenda, na hilo pia liwe wazi. Tatizo ni kwamba nyumba hii ina watu wazima wengine watatu wenye afya njema, na mikono inayoujua mwili wake ni yangu peke yangu.

Basi nikafanya kosa ambalo mtu wa ratiba tu ndiye angelifanya. Niliandika kila kitu. Nilichukua karatasi za kazini, nikageuza upande mweupe, nikaandika namna ya kumgeuza, bega kwanza ndipo nyonga. Namna ya kumlisha akiwa ameinuliwa, asipaliwe. Dawa za asubuhi na zile ambazo hazikutani na maziwa. Rangi ya ngozi inayotisha na isiyotisha. Zilipotimia kurasa kumi na moja nikazibana kwa pini, nikajiona nimemaliza.

Wakati huohuo abiria walikuwa wanaongezeka. Mume wangu, ambaye tunamwita Mwenyekiti kwa kuwa hawezi kukaa na watu wawili asifungue kikao, alisema mke wake hatapanda basi saa tisa nzima, ataazima gari anipeleke mwenyewe. Nilifurahi. Wifi yangu, tunayeishi naye, akasema hajawahi kuliona ziwa tangu azaliwe. Binti yangu alikuwa nyumbani, chuo kimefungwa, na hamjui mama yake mkubwa. Kila mmoja nilimwambia sawa, kwa sababu kila mmoja nilidhani mwenzake ndiye atakayebaki.

Jumatano jioni Mwenyekiti akaitisha kikao sebuleni. Mlango wa chumba cha mama mkwe ulikuwa wazi kama siku zote, hapendi kufungiwa. Wifi alishika zile kurasa, akaanza kusoma kwa sauti. Ukurasa wa kwanza alisoma kwa mbwembwe. Wa tatu alisoma taratibu. Wa saba, ule wa kupaliwa, aliuweka mezani.

"Wifi, mimi siwezi. Nitamuua mama yangu."

"Mimi pia naogopa, mama," binti yangu alisema. "Nikimvunja je?"

"Nitawafundisha," nikasema. "Leo na kesho. Mmoja tu abaki."

"Miaka sita ifundishwe kwa siku moja na nusu?" Mwenyekiti alivua miwani. "Mke wangu, umeandika vizuri mno. Mtu akisoma hapa anaona mwenye uwezo ni mmoja. Gari nimeshaahidiwa, dada ameshajiandaa, tusimvunje moyo. Twende sisi tumfikishie salamu. Wewe utakwenda mwezi ujao."

"Mwezi ujao hatakuwa anaona."

Mume wangu akaelekeza kidevu kwenye ule mlango, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mama tumfanyeje?"

Kitanda kikalia kidogo kule ndani. Alikuwa macho. Nilitaka kupiga meza, niwaambie ni mama yenu huyu, kaeni naye siku mbili, hamtakufa. Lakini kila neno nililotaka kusema lilipaswa kupita kwenye masikio yake kwanza, na angesikia kitu kimoja tu: kwamba watu wanne wanagombania kumkimbia. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na pa kuipeleka.

"Una neno?" Mwenyekiti akauliza.

"Nendeni salama."

Niliichukia sauti yangu. Akanipigapiga begani, akasema nisijipe presha, yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza dada.

Kesho yake, nilipovuka barabara kumgeuza mama mkwe, alinitazama muda mrefu.

"Ungewaambia, mwanangu."

"Ningewaambiaje, mama, na wewe unasikia?"

"Nilijua. Nikajaribu kuziba masikio. Sasa mkono wenyewe ni mmoja." Alicheka, mimi nikashindwa. "Basi nipelekeni na mimi."

Hakuna gari ambalo lingembeba kwa saa tisa, na wote wawili tulilijua hilo. Nilimfunika shuka, nikarudi kazini. Mpiga pasi, niliyemweleza asubuhi, alikuwa ameshalifuta jina langu kwenye safu ya likizo, na hakutania.

Ijumaa waliondoka alfajiri. Wifi alikuwa amevaa kofia pana. Niliwafungia chakula cha njiani, nikapunga mkono mpaka gari likakata kona.

Saa kumi alasiri nilikuwa chumbani kwa mama mkwe. Nilikuwa nimeshaingiza mikono yote miwili chini ya mgongo wake simu ilipolia kando ya mto. Aliibonyeza yeye, kwa ule mkono wake mmoja, akaiweka kwenye spika.

"Tumefika," mume wangu alinong'ona. "Sikiliza, sikupata nafasi ya kumweleza. Nilisema nitamweleza ana kwa ana."

Kabla sijajibu, nikaisikia sauti ya dada yangu, na kandambili zake zikija mbiombio.

"Msiniambie! Nyamazeni wote, namtambua mwenyewe." Alikuwa anahema. "Huyu mrefu ni shemeji, huyo mwenye kofia simjui. Na huyu... njoo hapa kwenye mwanga. Njoo, njoo."

Nilijua aliyeitwa kwenye mwanga ni binti yangu. Binti yangu ana miaka ishirini na minne. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano dada aliponiona mara ya mwisho, nikiwa nimembeba huyohuyo mtoto mgongoni. Paji la uso ni langu, mashavu ni yangu, hata namna ya kusimama.

"Hujazeeka!" dada akapiga kelele. "Mungu wangu, mdogo wangu, hujazeeka hata kidogo!" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Nimekuona. Basi. Hata likizima leo, lizime tu, nimekuona."

Nilisikia wifi akivuta pumzi.

"Mbona kimya?" dada akauliza. "Sema basi, nisikie sauti."

Binti yangu hakusema. Nilijua hawezi, sauti yake si yangu. Mama mkwe alinikazia macho, uso wake uko karibu kabisa na wangu, akatikisa kichwa taratibu, sijui alikuwa ananiambia niseme au nisiseme.

"Nimekuja, dada," nikasema.

Simu ilikuwa mkononi mwa mume wangu, spika wazi kama kawaida yake, ukumbini kwa dada, hatua moja kutoka kwa binti yangu.

"Ndiyo!" dada akasema. "Ndiyo yeye! Umekuja!"

"Nimekuja," nikarudia. Mikono yangu ilikuwa bado chini ya mgongo wa mama mkwe, sikuweza hata kujifuta machozi.