Vidonge vya Celina

Heriel Kimaro alikuwa na mkono mwepesi kuliko masikio, na Mtaa wa Kongo wote ulilijua hilo. Ukimkosea, unakula kofi kwanza, maelezo baadaye. Mkewe, Celina, ndiye ambaye Heriel hakuwahi kumpiga, na kwa hilo alijisifu kana kwamba ametoa sadaka.

Tangu Pasaka uso wa Celina ulikuwa umebadilika. Mashavu yalipata wekundu uliovuka pua, kisha uso wote ukaumuka ukawa wa mviringo. Kariakoo jambo hilo lina jibu lake tayari, wala halihitaji daktari: wekundu ni mkorogo wa kujichubua, unono ni vidonge vya kunenepesha, na mwanamke hajitesi hivyo kwa ajili ya mume aliyekwisha kumpata. Tena alionekana mara kwa mara kwa Hashil, muuza vipodozi. Majirani wa ghorofa lao la Mchafukoge waliyasema hayo ngazini, wala hawakushusha sauti Heriel alipopita.

Jumamosi asubuhi Heriel alikuta kifuko cha plastiki ndani ya kopo la majani ya chai. Vidonge vidogo vyeupe, bila jina wala maandishi. Celina alimwambia ni dawa, akamwomba akae amweleze. Hakukaa. Alivimwaga chooni, akavuta maji, akashuka na nondo.

Hashil alikuwa dukani kwake akifungua maboksi. Hakuulizwa kitu. Pigo la kwanza lilivunja kabati la vioo, la pili likavunja mkono alioinua kujikinga.

"Huyu anawauzia wake zetu sumu!" Heriel alipaza sauti.

Kauli moja tu, lakini Kariakoo kauli moja inatosha. Wabeba mizigo walitupa mizigo, wauza soksi wakaacha soksi, na watu wasiomjua Hashil hata kwa sura wakaanza kumpiga mateke ya mbavu na ya kichwa. Bryson, kaka yake Celina, mwenye duka la mabegi mtaa wa pili, alifika mbio na kuanza kupiga kabla hajajua kosa. Damu ilichanganyika na losheni sakafuni, wapigaji wakawa wanateleza na kuinuka na kupiga tena. Polisi ndio waliomtoa akiwa hai. Kesho yake hakuna aliyekuwa amepiga. Kila mtu alikuwa akipita tu.

Jioni ya Jumamosi ile, Celina alipojaribu tena kueleza, Heriel aliapa kwamba akikuta kidonge kingine ndani ya nyumba ile, atamchoma Hashil pamoja na duka lake. Celina akaacha kueleza, akakaa bila dawa. Hasira hasara, wanasema, ila hasara haimfuati mwenye hasira peke yake.

Siku ya tisa alianguka jikoni, miguu imevimba, mkojo umegeuka rangi kama chai ya rangi.

Daktari Severa hakumung'unya maneno. Alimwambia Heriel kwamba mkewe ana lupus, na kwamba alikuwa akihudhuria kliniki tangu Machi kwa siri, kwa kuogopa ukweni wasije wakamwita mgonjwa asiyezaa. Wekundu wa mashavu ni ugonjwa wenyewe, uso kuumuka ni vidonge, na losheni ya kujikinga na jua aliyokuwa akiinunua dukani aliagizwa na kliniki, kwa sababu jua linauchokoza ugonjwa.

"Chembe zake za kinga ni askari wasiotofautisha tena mwenyeji na mgeni," alisema. "Zinatoa kemikali, saitokini, ndizo zinazowaita wenzao: njooni, kuna adui. Adui hayupo. Wanaokuja hawaulizi, wanapiga tu, na sasa wanapiga figo. Vile vidonge ndivyo vilivyokuwa vinawatuliza. Haviachwi ghafla. Nani kamwachisha?"

Umati wa namna hiyo Heriel alikwisha kuuona, na aliyeuita ni yeye.

Nje kwenye korido alimkuta Bryson na wanaume wanne. Walikuwa wamekwisha kuamua: sumu ya Hashil imefika kwenye figo. Hashil alikuwa amerudi dukani jana, mkono kwenye hogo la plasta, na petroli ilikuwa tayari kwenye bajaji.

"Twende, shemeji," Bryson alisema. "Leo tunammaliza."

Kunyamaza kungemfaa. Angebaki mume aliyedhulumiwa, na watu wangempa pole. Heriel aliogopa, akaona aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi.

"Zilikuwa dawa za hospitali. Nilizimwaga mimi. Hashil hakufanya kitu."

Bryson alimtaka arudie. Akarudia. Ngumi ya kwanza iling'oa meno mawili, zilizofuata zikamlaza chini, na wale wanne wakamalizia kwa viatu. Safari hii Heriel hakuinua mkono. Walinzi walipofika, ukuta ulikuwa na damu mpaka usawa wa kiuno, na Bryson alikuwa analia.

Celina alitoka hospitali baada ya wiki tano, figo zikifanya kazi nusu. Kila asubuhi Heriel humletea kidonge kiganjani, na maji kwenye glasi. Celina hakipokei.

"Weka mezani," humwambia, "halafu utoke."

Heriel huweka, hutoka, na husimama ngazini mpaka amsikie akirudisha glasi mezani.